Mita Sitini za Povu

Shigeki alikuja kwenye banda la kuchambulia chaza Jumatatu saa nne asubuhi, saa ambayo yeye na wenzake wa gati la utafiti wa bahari huwa kazini. Nilimwona kabla hajaniona. Alisimama mlangoni na kofia ya sufu mkononi, akiutafuta uso wangu kati ya wanawake sita waliovaa aproni za mpira zinazofanana. Aliponipata hakutabasamu. Tangu nimjue, mwanaume huyu hakuwahi kunitazama bila kutabasamu kwanza, hata siku ile baba yangu alipomwambia kwamba anaitazama bahari kama paka anavyotazama samaki dirishani.

"Ikuyo, mkwe amefika," alisema Bi Kinue, ambaye hukaa kulia kwangu na hapitwi na jambo la mtu. "Mlete tumgonge, tusikie kama ni mzima."

"Mgonge kichwani," mwingine akadakia. "Hawa wa chuo kikuu ndani ni mchanga mtupu."

Wakacheka. Kugonga ndiyo kazi yetu. Unachukua chaza wawili, unawagonganisha karibu na sikio. Aliye mzima hulia kama vijiwe viwili vya mtoni. Aliyekufa, au aliyejaa mchanga, hutoa sauti bubu, na huyo hutupwa ndooni. Kwa siku nagonga chaza elfu nne. Katika miaka tisa, wanunuzi wa Tokyo wamenirudishia kapu moja tu.

Nilivua glavu nikamfuata nje. Upepo wa Februari ulikuwa mkali, tukajificha nyuma ya makapu matupu yaliyopangwa kufika kichwani. Alinishika mikono yote miwili, akaiingiza ndani ya koti lake.

"Mikono yako ni barafu," alisema.

"Ndivyo ilivyo kila siku. Sema kilichokuleta."

Nyusi zake zilikuwa na chumvi ya gatini, na macho yalikuwa mekundu kama ya mtu ambaye hakulala.

"Ajali ya baba yako," alisema. "Kosa lilikuwa langu."

Alhamisi ya wiki ile tulikuwa tupande treni kwenda Shizuoka, mimi na wazazi wangu, kupeleka posa kwa wazazi wake, wakulima wa chai. Sisi ndio tuliopaswa kupeleka, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anaingia kwetu. Mimi ni mtoto pekee. Baba hakutaka jina la Nemoto lifie kwangu, na Shigeki, mtoto wa pili wa nyumba ya Mochizuki, alikuwa amekubali kuliacha jina lake na kuchukua letu. Baba alichukua zaidi ya mwaka kukubali kwamba mwanawe wa kuingia nyumbani awe mtu asiyejua kushika usukani. Siku yenyewe Mama aliichagua kwenye kalenda, siku ya heri, akaizungushia duara jekundu.

"Baba alipigwa na wimbi," nilisema. "Wewe ulikuwa gatini."

"Alipigwa na wimbi mahali ambapo karatasi yangu ilisema hakuna wimbi."

Kila Jumatatu Shigeki aliwaletea wavuvi wa ushirika wetu karatasi moja. Kamera iliyo juu ya mnara wa gati hupiga picha ya mwambao kwa dakika kumi, mbili kila sekunde, kisha kompyuta huzichanganya zote zikawa picha moja. Mahali ambapo mawimbi huvunjika mara kwa mara hutokea mstari mweupe, na chini ya mstari huo kuna fungu la mchanga. Dhoruba hulisogeza fungu, na chaza wanono hukaa pembeni mwake upande wa nje. Chombo cha kuburuta reki, ile ya chuma yenye meno inayokwangua chaza mchangani, kinahitaji kulikaribia bila kulifikia. Watu wa gati hupima kina kwa timazi kila asubuhi, lakini pale gatini tu. Vyombo vyetu hufanya kazi kilomita mbili kaskazini, ambako kuna jicho la kamera peke yake.

"Kamera haijui tofauti," Shigeki alisema. "Wimbi linalovunjika sasa hivi ni jeupe. Povu la wimbi lililokwisha kuvunjika nalo ni jeupe. Upepo ukitoka kaskazini-mashariki, povu hukusanywa upande wa bara likakaa pale, na kwenye picha likang'aa kuliko mawimbi yenyewe. Mimi nikachora mstari juu ya povu."

"Umejuaje sasa, baada ya miezi kumi na minne?"

"Tumeazima kamera ya joto. Ile inaona vingine. Wimbi likivunjika, linawaka. Povu likibaki nyuma, linapoa mara moja na kuwa jeusi. Ijumaa upepo ulikuwa uleule wa siku ya ajali. Nikaziweka picha mbili sambamba, ya kawaida na ya joto. Mstari wangu mweupe ulikuwa umepoa wote, Ikuyo. Mawimbi yalikuwa yakivunjika mbali zaidi." Alivuta pumzi. "Nikarudi kwenye picha za siku ile. Niliiacha ile iliyochanganywa, nikazitazama moja moja. Ziko elfu moja na mia mbili."

"Zote?"

"Mara mbili. Nimekosea kwa mita sitini."

Nilihesabu. Mita sitini ni mara nne ya urefu wa chombo chetu. Baba alidhani yuko nje ya fungu, kumbe alikuwa juu yake. Wimbi lilimwangukia kutoka nyuma, likambamiza kwenye winchi ya kuvutia reki. Mbavu nne zilivunjika, na kifundo cha mkono wa kushoto. Bandari nzima ilisema macho ya Mzee Tokuji yamekwisha. Alipopata nafuu alisimama mwenyewe mbele ya wavuvi arobaini wa ushirika, akainama mpaka paji la uso likakaribia magoti, akaomba radhi kwa kuhatarisha chombo, akamkabidhi mdogo wake Masuo usukani. Tangu hapo yuko nyumbani, ananoa meno ya reki inayoburutwa na wengine.

"Nani mwingine anajua?" niliuliza.

"Wewe."

"Basi nyamaza."

Aliniangalia kana kwamba hakunisikia.

"Mbavu zimeshaunga," nilisema. "Ukisema leo, haziungi zaidi. Nyamaza Alhamisi ipite. Tukishafunga ndoa, mwaka ukipita, utasema."

"Nitaingia nyumbani kwake kama mwanawe. Nitakula naye meza moja, yeye akijiona kipofu, mimi nikijua aliona sawasawa. Mwaka mzima?"

"Siku tatu, Shigeki! Nimesubiri miaka miwili. Unajua nilivyomlainisha mzee yule? Neno kwa neno, chai kwa chai. Ukimwambia, Mama peke yake atakufukuza kwa ufagio."

"Ungemtia chaza bubu kapuni kwa sababu mnunuzi anakuja Alhamisi?"

"Usinitolee mfano wa kazi yangu."

Nilichomoa mikono yangu kutoka kwenye koti lake. Baridi iliingia papo hapo. Hakujaribu kunishika tena, na hilo liliniuma kuliko maneno.

"Nitakuja kwenu jioni, saa kumi na mbili," alisema polepole. "Hutaki nije, sema sasa, nami nitatafuta siku nyingine ya kumwambia. Lakini kabla ya posa."

Nilitaka kusema usije. Nilitaka pia kumfuta chumvi kwenye nyusi. Nilifanya nisiloweza kulitetea: nilirudi ndani nikimwacha amesimama kati ya makapu.

"Amekupa nini huko nje?" Bi Kinue aliuliza. "Uso umekuwa mweupe kama tofu."

"Habari za hali ya hewa."

Asubuhi ile nilitupa chaza saba wazima. Bi Kinue aliwaokota ndooni mmoja mmoja, akawagonga, akawarudisha kapuni. Mara hii hakutania.

*

Saa kumi na mbili kasoro tano Mama alikuwa sebuleni akipanga vitu vya posa kwenye trei ya mbao nyeupe: mwani mkavu, samaki mkavu, kitani cheupe kama nywele za bibi kizee. Alikuwa akiimba kwa pua. Baba alikuwa ameketi mbele ya meza fupi, miguu ndani ya blanketi lenye joto, akipitisha tupa kwenye jino la chuma.

"Baba Ikuyo, vumbi la chuma hilo litaingia kwenye posa," Mama alisema.

"Litawaongezea watu wa chai madini."

Mlango ulifunguliwa. Shigeki alivua viatu, akavigeuza vielekee nje, akaingia. Alinipita bila kunitazama, lakini nilisikia pumzi yake ikisita aliponifikia. Mama alimsogezea mto wa kukalia. Yeye akausukuma kando, akapiga magoti kwenye sakafu tupu.

"Mbona unakaa kama mshtakiwa?" Mama akacheka. "Sogea mezani, supu ya chaza iko tayari."

"Mama, naomba nisile kwanza. Mzee, nina neno."

Baba aliweka tupa chini.

Shigeki alieleza kama alivyonieleza mimi, kwa mpangilio uleule, bila kujipunguzia hata mita moja. Alitoa karatasi mbili, akaziweka mezani, akaonyesha kwa kidole povu liko wapi na wimbi liko wapi. Kisha aliinama, mikono yote miwili sakafuni.

"Uliomba radhi kwa kosa langu," alisema. "Sina namna ya kukulipa. Nimekuja ujue."

Sufuria ya supu ilikuwa ikichemka jikoni.

"Mita ngapi?" Baba aliuliza.

"Sitini, Mzee."

"Kuelekea bara?"

"Kuelekea bara."

"Picha ilipigwa saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

"Maji yalikuwa yakipwa," Baba alisema, kama anayejisemea. "Saa mbili yalikuwa yakipwa."

Mama ndiye aliyelipuka.

"Wewe!" Sauti yake ilikuwa nyembamba, siijui. "Mtu huyu nimemwogesha miezi mitatu kama mtoto mchanga! Amelala akiwa ameketi, hawezi kugeuka! Watu wananiambia sokoni, pole, Fusae, mumeo amezeeka. Amezeeka! Na wewe unakuja hapa kila Jumapili unakula supu yangu!"

"Mama, hakuwa akijua—" nilianza.

"Nyamaza, Ikuyo. Posa hakuna. Nitawapigia simu mwenyewe Shizuoka, tena sasa hivi."

Akaishika trei kana kwamba atairusha. Nilimtazama Shigeki. Kichwa chake kilikuwa bado chini, na shingo yake, pale nywele zinapoishia, ilikuwa nyekundu kwa baridi ya njiani. Angeweza kulala usingizi wake kwa miezi kumi na minne mingine, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Nilikwenda nikapiga magoti kando yake, bega kwa bega.

"Mama, mimi nimejua tangu saa nne asubuhi," nilisema. "Nilimwambia anyamaze mpaka posa ipite. Nikamwambia angoje hata mwaka. Aliyekataa ni yeye. Ukitafuta wa kumfukuza, anza na mimi."

Trei ilibaki hewani.

"Fusae, weka hiyo chini," Baba alisema. "Kitani kinadondoka."

Alichukua zile karatasi akazisogeza mbali na macho, kama afanyavyo akisoma gazeti, akaitazama moja, akaitazama nyingine.

"Niliyaona," alisema.

Shigeki akainua kichwa.

"Maji. Niliyaona yakinyanyuka mbele yangu. Rangi ilibadilika, ikawa kama tumbo la samaki ukimgeuza. Nikajiambia, Tokuji, hapa kina ni kifupi. Nikaitazama karatasi yako. Karatasi ikasema bado. Nikaenda na karatasi."

"Kwa nini, Mzee?" Shigeki aliuliza. "Una miaka arobaini baharini. Kwa nini uliamini karatasi yangu?"

Baba alinielekeza kwa kidevu, bila kunitazama.

"Kwa sababu ya huyu. Kila Jumatatu alikuwa akiiweka karatasi yako ndani ya kitambaa cha chakula changu. Anaikunja mara nne, pembe kwa pembe, kama barua. Hakuna aliyekuwa ameniambia kitu bado, lakini mimi nina macho. Nikajiambia, ikiwa binti yangu anamwamini mtu kiasi hiki, na mimi nijizoeze." Alikohoa. "Siku ile nilikuwa najizoeza."

Niliitazama mikono yangu, iliyozikunja karatasi zile kila Jumatatu.

"Halafu nikadhani macho yamekwisha," Baba aliendelea. "Miezi yote hii nasimama asubuhi pale ukutani mwa bandari, naona wimbi linainuka, najiuliza, nimeliona kweli au nimeota? Nilikuwa nimeacha kuamini hata ngazi za nyumba hii. Fusae ananishika mkono nikishuka. Sikumwambia mtu." Aliziweka karatasi chini taratibu. "Kumbe macho yalikuwa sawa."

"Yalikuwa sawa, Mzee. Yalikuwa sawa kuliko kamera."

"Macho yalikuwa sawa, Fusae," Baba alirudia, akimgeukia Mama, na Mama akakaa chini ghafla, palepale alipokuwa, akajifunika uso kwa aproni.

Baba hakwenda kumbembeleza. Alimwacha alie kiasi chake. Kisha akamuuliza Shigeki, kwa sauti ya kazi:

"Ushirika unakutana lini?"

"Kesho saa moja asubuhi. Nimeomba nafasi ya kusema."

"Kazini kwako watakufanya nini?"

"Sijui. Barua nimeshaandika. Nimeeleza kosa na jinsi ya kulizuia."

"Vizuri. Kesho nitakuja mkutanoni. Usidhani nitakaa kando yako nikushike bega. Nitakaa mbele, nikuone unavyosema."

"Ndiyo, Mzee."

"Ikuyo, nipe simu."

Nilimletea. Alibonyeza namba kwa kidole kimoja, akasubiri.

"Masuo? Alhamisi si zamu ya chombo chetu?... Ndiyo, nimesikia, bahari itatulia... Hapana, sikuulizi habari ya reki. Alhamisi usukani nashika mimi." Sauti ya ami ilisikika ikipanda kwenye simu. Baba akaisogeza mbali na sikio mpaka iliposhuka. "Nitakueleza kesho. Lala."

Mama aliibuka kutoka kwenye aproni, macho mekundu.

"Alhamisi?" alisema. "Baba Ikuyo, Alhamisi ni posa! Siku ya heri!"

"Si umesema posa hakuna?"

"Nimesema kwa hasira! Tiketi za treni je? Watu wale wameshakanda keki za mchele. Na siku ya heri utaitoa wapi nyingine?"

Baba alinyoosha shingo kuelekea kalenda ya ukutani.

"Jumatano inayofuata kuna nyingine. Siku za heri zinarudi. Bahari tulivu ya Februari hairudi."

"Watu wa Shizuoka tutawaambia nini?"

"Huyu atawaambia. Si unaona, kazi yake kusema ukweli hata hajaulizwa." Baba alirudi kwa Shigeki, akamkazia macho. "Na wewe Alhamisi utakuja nami. Kamera iache. Tutasimama nje ya fungu, mimi nitakuonyesha wimbi linapoanza kuvunjika, wewe utasema ni umbali gani. Ukikosea, nitakusikia. Nikikosea, utaniambia papo hapo, mbele ya Masuo. Huna ruhusa ya kungoja miezi kumi na minne."

Shigeki aliinama. Alipoinuka, uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo na kupewa mwingine.

"Mzee, kuna jambo jingine," alisema.

Mama akashika kifua. "Lipi tena!"

"Mimi hutapika chomboni."

Baba alimtazama. Nilimwona akijikaza, midomo ikiminyana, mabega yakianza kutikisika, mpaka akashika mbavu zake kwa mkono na kucheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Desemba ile ya ajali.

"Tapikia kushoto," alisema akifuta macho. "Kulia kuna winchi. Ile naifahamu vizuri."

Tulikula. Mama alimwekea Shigeki bakuli la supu bila kumtazama, akalijaza mpaka ukingoni, na hakumwambia karibu. Shigeki alikula mpaka tone la mwisho. Kisha Mama alichukua simu, akaketi wima, akaanza kuzungumza na mama yake Shigeki kwa ile sauti yake laini ya wageni. Hapana, hakuna ubaya wowote. Hapana, wote ni wazima. Ni kwamba Alhamisi mume wangu ana kazi baharini.

Nilimsindikiza Shigeki mlangoni. Alivaa viatu polepole kuliko viatu vinavyohitaji. Ndani, Baba alikuwa ameanza tena kupitisha tupa kwenye chuma.

"Umenikasirikia?" aliuliza, kwa sauti ya chini.

Nilifikiri, nisije nikamjibu la uongo baada ya siku kama ile.

"Ndiyo," nilisema. "Kwa sababu ulikuwa na haki, na mimi sikuwa nayo."

"Mpaka lini?"

Nilinyoosha mkono nikamfuta chumvi kwenye nyusi, moja, kisha ya pili. Alifumba macho.

"Mpaka Jumatano ya posa," nilimwambia, nikamfunga kifungo cha juu cha koti.